Ku, Ka, X: Herufi za Siri za Vita Ziko Juu ya Paa Lako

Angalia kile kichwa kidogo kilichokaa mbele ya dishi la TV, ile kitu mafundi wanaita LNB. Mara nyingi kimeandikwa "Ku". Uliza fundi hiyo Ku ni nini, atakuambia ni ya dishi ndogo, na yale madishi makubwa ya zamani ni ya C. Yuko sawa kabisa. Lakini kwa nini ni Ku na si A, B ama namba tu? Hapo wengi hukwama, kwa sababu jibu si la ufundi. Jibu ni la vita.

Leo kwenye hizi posti zangu za historia ya vitu tunavyotumia bila kuuliza, nataka tuongee kuhusu maikrowevu. Si ile ya kupasha chapati za jana, ingawa hiyo nayo itaingia. Naongea kuhusu mawimbi yenyewe, yale yanayobeba simu yako, Wi-Fi yako, GPS ya boda boda, rada ya meli inayoingia Mombasa na intaneti ya setilaiti.

Na maoni yangu nayatoa mapema ndio usiseme nimekuzungusha: masafa ni kama ardhi. Yaligawanywa na waliofika kwanza, mipaka ikachorwa kwa mahitaji yao, na sisi tunaoishi kwenye ikweta tukakuta ramani iko tayari. Tofauti na ardhi ni moja: ramani hii huchorwa upya kila baada ya miaka michache. Inachorwa hata sasa, na wengi wetu hatujui mkutano uko wapi.

Kwanza hesabu ndogo

Usikimbie, ni kugawanya tu. Gigahezi moja maana yake wimbi linapiga mara bilioni moja kwa sekunde. Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa sentimita, chukua 30 ugawanye kwa gigahezi. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina wimbi la sentimita 12 na nusu. Dishi la TV linalopokea karibu na gigahezi 12 linashika mawimbi ya sentimita 2 na nusu.

Kwa nini hii ni muhimu? Kwa sababu urefu wa wimbi unaamua mambo mawili. Wimbi likiwa fupi, antena ndogo inatosha kulielekeza kama mwanga wa tochi, na unapata nafasi ya kubeba data nyingi. Huo ndio utamu wake. Uchungu ni kwamba wimbi fupi linasumbuliwa na matone ya mvua na mvuke wa hewani. Wimbi refu linapita mvua kama halijaiona, lakini linataka antena kubwa.

Shika hayo mawili, antena na mvua. Historia yote inayofuata ni watu wakivutana kati ya hayo.

Kabla ya wanajeshi kulikuwa na Bose

Katikati ya miaka ya 1890, mjini Calcutta, India ikiwa bado koloni la Waingereza, mwanafizikia Jagadish Chandra Bose alisimama mbele ya watu akatuma mawimbi yasiyoonekana. Yakapita ukutani, yakagonga kengele na kulipua baruti upande wa pili. Kwenye utafiti wake alishughulika na mawimbi ya milimita chache tu, masafa ambayo leo watu wa 5G wanayaita ya kisasa. Januari 1897 alialikwa London kuyaeleza mbele ya Royal Institution.

Namtaja kwa sababu moja. Tukisema teknolojia hii ni ya mataifa makubwa, tunasahau kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuichezea alikuwa raia wa koloni. Kujua alijua. Ila kujua ni kitu kimoja, kumiliki ni kingine.

Baada yake mambo yalipoa kwa muda mrefu, kwa sababu hakukuwa na chombo cha kutoa mawimbi hayo kwa nguvu. 1931 wahandisi walifanikiwa kuongea kuvuka bahari kati ya Calais na Dover kwa wimbi la sentimita 17 hivi, lakini kwa nguvu ndogo sana. Ilikuwa maonyesho mazuri, basi.

Kisanduku kilichovuka Atlantiki

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939, Uingereza ilikuwa na rada tayari. Iliitwa Chain Home, mstari wa vituo pwani ukitazama ndege za Wajerumani. Lakini mawimbi yake yalikuwa marefu, zaidi ya mita 10, na kwa hivyo minara yake ya kutuma ilikuwa ya chuma yenye urefu wa kama mita 110. Ilifanya kazi. Sasa jaribu kubeba mnara wa mita 110 ndani ya ndege.

Hapo ndipo maikrowevu zikahitajika kwa dharura. Ukitaka rada itoshe kwenye pua ya ndege, unahitaji wimbi la sentimita, na unahitaji nguvu ya kutosha lirudi na habari.

Februari 1940, kwenye Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha kifaa walichokiunda kwa kipande cha shaba chenye mashimo ndani, kikiwa katikati ya sumaku. Kinaitwa magnetroni. Kilitoa wimbi la karibu sentimita 10 kwa nguvu ya wati mia kadhaa, na baada ya muda mfupi kikaboreshwa kufika maelfu ya wati. Hiyo ilikuwa nguvu kubwa sana kwa wimbi fupi namna hiyo.

Shida ni kwamba Uingereza ilikuwa inapigwa mabomu na haikuwa na viwanda vya kutosha. Septemba 1940 wakafanya uamuzi ambao mpaka leo unanishangaza: ujumbe ulioongozwa na Henry Tizard ulienda Amerika Kaskazini na siri zao kubwa, magnetroni ikiwemo, ikiwa ndani ya kisanduku cha chuma. Hawakuiuza. Waliitoa, wakitumaini Marekani itaitengeneza kwa wingi. Wamarekani wakaanzisha maabara kubwa pale MIT iliyoitwa Radiation Laboratory, na kwa miaka mitano ikatoa rada za kila aina.

Matokeo yalionekana baharini. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa na chombo cha kunusa rada za zamani, zile za mawimbi ya mita moja na nusu. Rada ya sentimita 10 hazikuisikia. Zikawa zinaibuka usiku kujaza hewa na kuchaji betri, na ndege inatokea juu yao ghafla. Kufikia Mei 1943 zilikuwa zinazama kwa kasi mpaka amri ikatoka ziondoke Atlantiki ya kaskazini.

Herufi zilizoandikwa ili usielewe

Sasa tumefika kwa Ku.

Vitani huwezi kuandika kwenye barua "tunatumia wimbi la sentimita 10". Adui akiipata, amejua atafute wapi. Kwa hivyo wakaweka herufi za siri, na zikawa hazifuatani kwa makusudi. Wimbi la sentimita 10 likaitwa S. La sentimita 3 likaitwa X. Yale ya zaidi ya sentimita 20 yakaitwa L. Baadaye wakaja na la katikati ya S na X, wakaliita C. La sentimita 1.25 likaitwa K, na inasemekana K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya fupi. Ndio, herufi ya siri dhidi ya Wajerumani, kwa Kijerumani.

Siri yenyewe haikudumu. Februari 1943, siku chache tu baada ya rada ya sentimita 10 kuanza kutumika kwenye ndege za mabomu juu ya Ujerumani, ndege moja ilidunguliwa karibu na Rotterdam na Wajerumani wakaokota magnetroni kwenye mabaki. Lakini herufi zilikuwa zimeshazoeleka. Vita vikaisha, siri ikaisha, majina yakabaki. 1976 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikayaandika rasmi kama kiwango cha rada. Yako hivi, na nimeweka kando kazi ambazo utazitambua:

L, gigahezi 1 hadi 2: GPS ya simu yako iko hapa.
S, 2 hadi 4: rada nyingi za viwanja vya ndege na za hali ya hewa, Wi-Fi ya 2.4, na microwave ya jikoni.
C, 4 hadi 8: madishi makubwa ya setilaiti, rada nyingine za hali ya hewa, Wi-Fi ya 5.
X, 8 hadi 12: rada za meli na za kijeshi.
Ku, 12 hadi 18: TV ya dishi na intaneti ya setilaiti, ingawa watu wa setilaiti huanza kuita Ku chini kidogo ya 12.
K, 18 hadi 27: aina nyingi za zile bunduki za kupima spidi barabarani.
Ka, 27 hadi 40: setilaiti za kisasa zenye data nyingi.

Umeona K imezungukwa na Ku na Ka? Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Walivyoshindwa na mvuke

Baada ya kufaulu na sentimita 10, kisha 3, jeshi la Marekani likataka kwenda chini zaidi. Wimbi fupi, antena ndogo, picha safi. Wakachagua sentimita 1.25, yaani gigahezi 24. Hiyo ndiyo K.

Mwanafizikia John Van Vleck alipiga hesabu akaonyesha kwamba mvuke wa maji hewani unameza mawimbi ya karibu na hapo. Charles Townes, aliyekuwa akiunda rada kwenye Bell Labs, naye akaiona hiyo hatari. Lakini mradi ulikuwa umeshaanza kukimbia. Rada zikatengenezwa, zikapelekwa sehemu zenye unyevu, na zikawa karibu vipofu. Kilele cha huo umezaji kiko gigahezi 22 na kidogo, jirani kabisa na waliyochagua.

Ndio maana bendi ikapasuliwa vipande vitatu. Katikati, penye mvuke mwingi, pakabaki K. Chini yake pakaitwa Ku, juu yake pakaitwa Ka. Kwa hivyo yale maandishi kwenye LNB yako, ukiyasoma vizuri, yanasema: "tumekaa chini kidogo ya pale jeshi lilipoaibika."

Na aibu ile ilizaa matunda. Vifaa vya K visivyo na kazi vita vilipoisha viliingia kwenye maabara za vyuo. Townes akaendelea na masafa yale yale, na 1954 yeye na wenzake wakaonyesha meza, kifaa kilichotumia molekuli za amonia karibu na gigahezi 24 na kilichokuja kuwa baba wa leza. Nobel akaipata 1964. Pia ikagundulika kwamba kama mvuke unameza mawimbi pale, basi setilaiti ikisikiliza pale inaweza kupima mvuke ulioko hewani. Kilichoharibu rada kikawa kipimo cha mvua. Kumbuka hili, tutalirudia.

C, Longonot na foleni ya angani

Baada ya vita wahandisi waliotengeneza rada walirudi kwenye kampuni za simu na ujuzi wao. 1951 Marekani ilikuwa na mstari wa minara kutoka New York hadi San Francisco, kila mnara ukimrushia mwenzake simu na TV kwa masafa ya gigahezi 4. Zile ngoma nyeupe unazoziona zimefungwa kwenye busta za simu huku kwetu ni wajukuu wa mstari huo. Zinafanya kazi ile ile, kupeana mawasiliano mnara kwa mnara mahali ambapo kebo haijafika.

Telstar iliporushwa 1962, ilitumia gigahezi 6 kupanda na 4 kushuka. Ujuzi na vifaa vya hapo vilikuwepo tayari, na masafa hayo yanapita mvua vizuri. Setilaiti za biashara zilizofuata zikakaa hapo hapo. Hivyo ndivyo bendi ya C ilivyokuwa barabara kuu ya dunia.

Kenya iliingia kwenye barabara hiyo 1970, kituo cha Longonot kilipofunguliwa Bonde la Ufa. Vituo vya aina hiyo enzi hizo vilihitaji dishi la upana wa kama mita 30, kwa sababu setilaiti zilikuwa na nguvu ndogo. Kabla ya hapo simu ya ng'ambo ilitegemea redio za masafa mafupi, na ubora wake ulitegemea hali ya anga siku hiyo. Kwa wazazi na babu zetu, Longonot ilikuwa ndio mlango wa dunia.

Lakini setilaiti hizo zinakaa wapi? Juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, mahali ambapo setilaiti inazunguka sawa na dunia na kuonekana kama imesimama. Ni mzingo mmoja tu. Ukiweka setilaiti mbili karibu sana kwenye bendi moja, zinaingiliana. Kwa hivyo nafasi ni chache, na utaratibu wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ulikuwa wa foleni: aliyesajili kwanza ndiye mwenye haki. Nani angekuwa mbele kwenye foleni ya roketi miaka ya 1960? Jibu unalo.

Ndipo likatokea jambo ambalo sijaona likitajwa sana. Desemba 3, 1976, mjini Bogotá, nchi za ikweta zilitoa azimio kwamba kipande cha mzingo kilicho juu ya nchi yao ni mali yao ya asili, kama mto ama mlima. Kolombia ilikuwepo, Ekwado, Indonesia, Kongo, Zaire, Uganda, na Kenya. Ndio, Kenya. Tuliwahi kudai anga juu ya vichwa vyetu mpaka kilomita 35,786.

Hawakufua dafu. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kumiliki anga za juu, na mataifa makubwa hayakuwa na sababu ya kubadilisha. Wengine wanalicheka azimio hilo. Mimi silicheki. Kisheria lilikuwa dhaifu, lakini lilisema kitu ambacho kila Mkenya mwenye kesi ya shamba anakielewa: mkisema "ni ya wote" halafu mnagawa kwa anayefika kwanza, hiyo si ya wote. Ni ya mwenye gari.

Na kelele zile hazikupotea bure. 1982 ITU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Nairobi, na ukaunda tume iliyotoa ripoti 1985 ikionyesha kwamba jiji la Tokyo pekee lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. 1988 wakakubaliana mpango ambao kila nchi ilitengewa nafasi yake kwenye mzingo, pamoja na vipande vya bendi za C na Ku. Kenya ina fungu lake. Nigeria imesharusha setilaiti ya mawasiliano, Angola pia. Sisi bado hatujarusha yetu kwenye mzingo ule. Taifa-1 iliyorushwa Aprili 2023 ni ya kupiga picha za ardhi, na inapita chini sana.

Bendi ya takataka iliyotulisha

Kabla hujasema historia hii yote ni ya wenye nguvu, kuna kipande kimoja kilichoponyoka.

1945 mfanyakazi wa kampuni ya Raytheon, Percy Spencer, alikuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi, akaona peremende mfukoni mwake imeyeyuka. Hapo ndipo wazo la jiko la microwave lilipotoka. Kwa kuwa majiko na mashine za viwandani hupiga kelele za mawimbi, 1947 mkutano wa kimataifa wa Atlantic City ulizitengea vipande maalum vya masafa zipigie kelele huko, kimojawapo kikiwa karibu na gigahezi 2.45. Na hapa niue uongo mmoja unaozunguka mitandaoni: 2.45 haikuchaguliwa ati kwa sababu ndio masafa ambayo maji yanatikisika zaidi. Maji hupata joto kwenye masafa mengi. Jiko limewekwa pale kwa sababu ndipo liliporuhusiwa.

Hakuna kampuni kubwa iliyolilia pale mahali. Palikuwa jalala. 1985 Marekani ikasema mtu yeyote anaweza kutumia masafa hayo kwa mawasiliano bila leseni, mradi atumie nguvu ndogo na avumilie kelele. 1997 kiwango cha kwanza cha kile tunachokiita Wi-Fi kikatoka. Leo sehemu kubwa sana ya intaneti duniani humalizia safari yake hewani kwa njia hiyo. Kibera, Tunapanda walijenga mtandao wa jamii wakitumia masafa ya wazi kama hayo, bila kununua masafa ya mabilioni.

Hilo ndilo somo langu la pili. Kipande kilichoachwa bila mwenyewe ndicho kilichofikia watu wengi zaidi.

Kwa nini ujali leo

Nilikuambia ushike antena na mvua. Sasa angalia.

Bendi ya C, ile inayopita mvua, inapunguzwa. Kampuni za simu zinaitaka kwa 5G. Marekani ilipiga mnada kipande chake kati ya 2020 na 2021 na kupata zaidi ya dola bilioni 80. Mwaka 2022 ikazuka vurugu kati ya kampuni za simu na za ndege huko, kwa sababu vifaa vya ndege vya kupima urefu kutoka ardhini hutumia masafa ya jirani. Ulaya nayo imepeleka sehemu za C kwa simu. Kule ambako kebo ziko kila mahali na mvua nyingi ni manyunyu, setilaiti inaweza kusukumwa kwenda Ku na Ka bila shida kubwa. Huku kwetu mvua ya masika inashuka kama imetumwa. Matone makubwa na wimbi la sentimita 2 ni maadui. Wewe mwenyewe unajua picha inavyokatika kwenye dishi ndogo wingu likifunga kabisa. Si king'amuzi kimeharibika. Ni fizikia, na fizikia hiyo inaumiza ukanda wetu zaidi.

Sisemi tukatae 5G. Simu ndiyo intaneti ya Wakenya wengi, na masafa ya katikati ndiyo yanayoifaa. Ninachosema ni kwamba bei ya uamuzi ule ule si sawa Frankfurt na Kakamega.

La pili ni gigahezi 24. Unakumbuka mvuke? Setilaiti za hali ya hewa husikiliza mvuke kwenye gigahezi 23.8. Mkutano wa dunia wa masafa wa 2019 kule Sharm el-Sheikh ulifungua masafa kuanzia gigahezi 24.25 kwa 5G, pua na mdomo na setilaiti hizo. Wanasayansi wa hali ya hewa walitaka kinga kali dhidi ya kelele, Marekani ilitaka kinga legevu, na kilichopitishwa kikawa katikati. Huwezi kuhamisha mvuke kwenda masafa mengine, unatoa sauti yake hapo tu. Na bara letu lina rada chache sana za hali ya hewa ardhini, kwa hivyo utabiri wetu unaegemea setilaiti kuliko wa wenzetu. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Sidai masafa ndiyo yaliyosababisha. Nadai kwamba nchi inayozama na kukauka kwa zamu haiwezi kuona utabiri kama jambo la wataalamu wa Geneva peke yao.

La tatu ni foleni mpya. Setilaiti sasa hazikai tu kule mbali, ziko maelfu zikipita chini, kwenye Ku na Ka. Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na imefika vijiji ambavyo kebo haikuwa na mpango navyo. Hilo ni jema na sitalikataa. Lakini kule nako, anayesajili kwanza ana nafasi ya mbele, na anayekuja nyuma ndiye anayetakiwa kujipanga asimsumbue. Ni foleni ile ile ya miaka ya 1960, na fungu tulilopewa 1988 halihusu mizingo hiyo ya chini.

Mkutano ujao wa dunia wa masafa ni 2027. Kenya itapeleka wajumbe. Kabla ya hapo nchi za Afrika hukaa pamoja kutafuta msimamo mmoja, na Mamlaka ya Mawasiliano huku nyumbani hutoa nyaraka kuomba maoni ya umma. Katiba inasema umma ushirikishwe, lakini nyaraka hizo husomwa na mawakili wa kampuni, kwa sababu wao ndio wanaojua zinahusu nini. Sisi tunaona herufi na namba, tunapita.

Herufi hizo ziliandikwa 1940 na kitu ndio mtu wa nje asielewe. Vita viliisha zamani. Hakuna sababu wewe na mimi tuendelee kuwa watu wa nje. Safari nyingine ukisikia wanaomba maoni kuhusu gigahezi fulani, gawanya 30 kwa hiyo namba, fikiria mvua ya kwenu, uliza nani anakaa hapo sasa na nani anataka kuingia, kisha uandike barua. Hata aya moja inatosha kuonyesha kwamba kuna mtu anasoma.